Filamu Tuliyowaficha Walioicheza

Nimetengeneza filamu moja tu maishani mwangu, na mpaka leo mtu akianza kunieleza habari za wezi wa kazi za sanaa, kichwa kinaniuma. Najua wezi wapo. Nimewaona, nimekaa nao benchi moja. Lakini sisi hofu ya wezi ilitufikia mapema kuliko wezi wenyewe, ikala kila kitu, na walipokuja wao walikuta makombo.

Nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi Newala. Shemeji yangu, mdogo wake mume wangu, alikuwa na studio Masasi, karibu na stendi. Studio lilikuwa neno lake. Kilikuwa chumba kimoja chenye pazia la bluu la kupigia picha za pasipoti, meza yenye deki mbili za kuchezea kanda za video, na kamera ya video aliyouziwa na mtu aliyetoka Dubai. Ilikuwa miaka ile soko la korosho limefunguliwa, wanunuzi binafsi wanafika mpaka vijijini na mizani zao, na vitu tulivyozoea kuviona kwa wakubwa tu vinaanza kuingia katika nyumba za kawaida. Kila penye jenereta palizuka kibanda cha video: mabati, mabenchi, ubao mlangoni wenye jina la picha ya leo kwa chaki. Wanafunzi wangu walizijua ngumi za Kichina vizuri kuliko walivyolijua jedwali la kuzidisha.

Shemeji alipiga video za harusi, za kipaimara, na za watoto wanaotoka jandoni. Kisha akatengeneza filamu yake ya kwanza, vichekesho vya mzee bahili mwenye wake wawili, na mzee bahili alikuwa yeye mwenyewe. Kanda zikaanza kununuliwa. Akawa anatembea na tabasamu.

Siku moja akapanda Newala kutusalimia. Tulikuwa tunatoka sokoni, mimi nimebeba mchicha, yeye amenishikia kibuyu cha mafuta, mara akasimama. Spika ya kibanda cha video ilikuwa imetundikwa nje, na ndani yake mzee bahili alikuwa akimkaripia mke mdogo kwa kumaliza chumvi.

"Shemeji," akaniambia, "yule ni mimi."

Mlangoni aliketi mwenye kibanda, mtu mzima mwenye kofia ya kufuma.

"Picha hii umeitoa wapi?" shemeji akamuuliza.

"Imekuja na gari la Mtwara. Unaingia, huingii? Imeshaanza."

"Picha hii ni yangu mimi."

"Kama ni yako si unaijua? Wapishe wasioijua waingie."

Waliokuwa ndani wakageuka. Mmoja akamtambua, akapiga kelele, "Mzee bahili huyo!" Basi ikawa sherehe. Wakamvuta ndani, wakamketisha benchi la mbele, wakawa wanamtazama yeye na runinga kwa zamu, na kila mzee bahili akifungua mdomo wanamgonga mgongoni kwa furaha. Mwenye kibanda akamletea soda. Shemeji akainywa. Angefanya nini? Tulipokwenda kulalamika kwa mkubwa mmoja mwenye dhamana ya mambo hayo, alimuuliza kimeibwa nini. Shemeji akasema ni kanda yake.

"Hiyo kanda sasa hivi iko wapi?"

"Iko nyumbani kwangu, Masasi."

"Sasa kimeibwa nini?"

Shemeji alirudi Masasi akiwa mtu mwingine. Nasema haya mapema ili nisimwonee. Aliibiwa kweli, na aliyemwibia alimpa soda.

Filamu yetu ilitokana na jambo ambalo kwetu kila mtu analijua. Mume na mke wanalima pamoja, wanapanda mikorosho pamoja, wanapalilia na kuokota pamoja, kisha mume anakufa na wapwa zake, watoto wa dada zake, wanakuja kusema mikorosho ni ya mjomba, kwa hiyo ni yao. Niliandika hadithi ya mjane mmoja anayekataa kutoka shambani. Niliiandika likizo, nyuma ya karatasi za mitihani ya zamani. Shemeji aliisoma, akasema, "Hii tuipige vizuri."

Mjane tulimpata kijijini Lupaso. Alikuwa mama yangu mdogo, mdogo wake mama yangu mzazi, naye alikuwa mjane kweli. Mwimbaji wa kwaya, mmoja wa viongozi wadogo katika umoja wa akina mama wa kanisani, mwenye sauti ambayo ikikuita kutoka upande wa pili wa shamba unaacha jembe. Hakuwahi kuigiza chochote. Nilipomwomba alicheka mpaka akakaa chini. Halafu shemeji akawasha kamera, na yule mama akawa mtu ambaye sikuwahi kumwona. Hakuangalia kamera hata mara moja. Alipokasirika aliacha Kiswahili nilichomwandikia, akahamia Kimakua, na yale ya Kimakua yalikuwa bora kuliko yangu, tukayaacha vilevile.

Mume wake wa kwenye filamu aliigizwa na mwalimu mwenzangu, mtu mpole mwenye miwani. Kulikuwa na sehemu ambapo mume yu mgonjwa kitandani na mke anamnywesha uji. Tuliipiga ndani ya nyumba ya mama mdogo. Nje kulikuwa na watu wengi waliokuja kuangalia, wanacheka, wanaita wenzao, kila mara sauti zao zinaingia kwenye kanda. Shemeji akachoka. Akafunga mlango, akaziba dirisha kwa blanketi, akawasha taa yake kubwa inayotumia betri ya gari. Tulikaa humo saa nzima, mama mdogo, mwalimu wa miwani, shemeji na mimi. Tulipotoka tumelowa jasho, watu walikuwa bado wamesimama pale pale uani, kimya. Sikulifikiria jambo hilo hata kidogo.

Filamu ilipokwisha kuunganishwa nikasikia tangazo redioni. Tamasha moja la Dar es Salaam lilikuwa linatafuta filamu za watengenezaji wanaojitegemea, wasio na kampuni nyuma yao. Mshindi angepata tuzo, filamu yake ingeonyeshwa kwenye televisheni, na kanda zake zingesambazwa na watu wenye njia za kuzilinda. Masharti yalikuwa haya: filamu iwe mpya, isiwe imeuzwa wala kuonyeshwa hadharani popote, na nakala nzima itumwe mapema kwa majaji.

Yafikirie masharti hayo jinsi shemeji alivyoyafikiria. Filamu isionwe na mtu yeyote tunayemjua, halafu tuipeleke yote kwa watu tusiowajua.

"Jaji ana watoto," shemeji alisema. "Watoto wana marafiki. Ofisini kuna anayefagia, kuna anayepeleka barua. Kanda ikilala Dar usiku mmoja, asubuhi iko Kariakoo."

"Sasa tufanye nini? Tusipeleke?"

"Tutapeleka. Lakini kwa akili."

Kanda mama, ile yenye filamu yenyewe, aliifungia katika sanduku la bati chini ya kitanda, ufunguo akauvaa shingoni. Mkewe aliniambia alikuwa akioga nao. Na akatoa amri: asionyeshwe mtu yeyote. Nikauliza, hata waigizaji? Hata waigizaji. Hata mama mdogo? "Mama mdogo ana majirani," akasema. Mimi mwenyewe niliiona mara moja tu, mlango umefungwa, sauti imepunguzwa mpaka nikawa nasoma midomo ya watu niliowaandikia maneno.

Akili yake ya kwanza ilikuwa hii. Alikuwa na mashine ndogo ya kuandikia majina ya bwana na bibi harusi kwenye video. Akaitumia kuandika HAIRUHUSIWI KUREKODI kwa herufi kubwa za njano, katikati ya kioo, kuanzia mwanzo wa filamu hadi mwisho. Hakunionyesha. Alitengeneza nakala, akaifunga, akaipeleka.

Baada ya majuma kadhaa ikaja simu. Studio haikuwa na simu, tulitumia ya duka la spea la jirani, na bahati nilikuwa Masasi siku hiyo kufuatilia mshahara. Alikuwa mama mmoja wa kamati ya tamasha, mwenye sauti ya taratibu.

"Mwalimu, filamu yenu inaonekana ni nzuri," akasema.

"Ahsante sana, mama."

"Nasema inaonekana, kwa sababu hatuioni. Yule mama anayeigiza, hatujaona macho yake mpaka sasa. Kila akija karibu ana maandishi usoni. Tutumieni nakala safi. Tumewaongezea muda kidogo."

Nilirudi studio nikamwambia shemeji. Alifikiri nimekuja kumpongeza.

"Umeona? Wanataka safi. Kwa nini wanataka safi?"

"Wanataka kuona macho ya mama!"

"Macho si yanaonekana? Chini ya herufi."

Nilibishana naye mpaka mwenye duka la spea akaja kusikiliza. Mwisho akakubali kutuma nakala safi. Alikubali upesi mno, na hilo lilipaswa kunishtua, lakini nilikuwa na madaftari ya kusahihisha na gari la mwisho la Newala lilikuwa linapiga honi.

Mvua zikaanza. Barabara ya kupanda Newala ikawa sabuni. Ijumaa moja jioni mama mdogo akatokea mlangoni kwangu, kanga zimelowa, viatu mkononi. Hakuwa mtu wa kusafiri kipindi cha kulima.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba." Hakukaa. "Mwanangu, nimekuja kukuuliza neno moja. Mimi nilifanya nini mule ndani?"

"Ndani wapi, mama?"

"Mule ndani ya nyumba yangu, mlipofunga mlango. Niambie nilifanya nini, kwa sababu Lupaso nzima wanajua, mimi tu sijui."

Nikamketisha, nikampa kanga kavu na chai, akanieleza. Maneno yalianza polepole. Watu waliuliza picha iko wapi. Akawajibu haijatoka. Miezi ikapita, wakauliza tena, akawaambia amekatazwa kuizungumzia. Sasa wakati ule vibanda vya video vilikuwa na picha zao za mchana, na vilikuwa na nyingine za siri, ambazo hazikuandikwa ubaoni, na wanaume walioziona walijuana kwa macho. Watu wakajumlisha. Mjane, mwalimu mwanaume, kitanda, mlango umefungwa, dirisha limezibwa, taa inawaka, saa nzima. Na picha yenyewe inafichwa. Picha gani hufichwa?

"Mama kiongozi mkuu wa umoja wetu aliniita," akasema. "Kwa upole, siwezi kusema alinitukana. Akaniambia, mwenzetu, ingekuwa vizuri uweke sare yako ya umoja pembeni kwa muda, mpaka jambo lijulikane. Na kwaya nimepumzishwa. Miezi miwili sasa nakaa benchi la nyuma na nguo ya nyumbani."

"Miezi miwili, mama? Mbona hukuniambia?"

"Ningekwambia nini? Uliniambia ni siri."

Na kweli nilimwambia hivyo. Nilikaa nikaangalia ukuta. Hasira niliyokuwa nayo sikujua niipeleke wapi: kwa watu wa Lupaso, kwa yule mama kiongozi, kwa tamasha, kwa vibanda. Ilipotulia kidogo ikachagua njia yenyewe, ikateremka kwenda Masasi.

Kesho yake tulishuka wote wawili kwenye pikapu, mama mdogo mbele na dereva, mimi nyuma na magunia ya muhogo mkavu. Tulimkuta shemeji studio anapanga picha za pasipoti. Alimwamkia mama mdogo kwa heshima zote, akamfutia kiti. Sikungoja. Nikamweleza yote, hata sare, hata benchi la nyuma. Akawa anatingisha kichwa.

"Watu wabaya," akasema. "Wabaya sana. Lakini mama vumilia kidogo tu. Majaji sasa wana kanda safi. Tukishinda, wataiona wote kwenye televisheni."

"Lupaso nani ana televisheni?" nikamuuliza.

Kabla hajajibu, mwenye duka la spea akaingia. Simu kutoka Dar. Nikakimbia. Alikuwa yule yule mama wa sauti ya taratibu, lakini safari hii utaratibu wenyewe ulikuwa umepungua.

"Mwalimu, tumepata kanda yenu. Ni safi kabisa. Lakini inaanza na matanga."

"Inaanza na nini?"

"Matanga. Watu wanalia. Nani amekufa?"

"Mume wake."

"Mume yupi? Hatujamwona mume. Tumeangalia mara mbili tukidhani tumepitiwa. Hii ni filamu nzima?"

Nikamwambia anisubiri. Nikarudi studio.

"Shemeji, umetuma nini Dar?"

Akaanza kupanga zile picha za pasipoti upya. Ndipo akasema. Alikuwa ameigawa filamu nusu mbili, katika kanda mbili. Nusu ya kwanza aliipeleka kwa basi, kupitia Lindi. Nusu ya pili alimpa mtu wa Mtwara aende nayo kwa meli. Ili yeyote atakayeiba njiani apate nusu tu, na nusu hainunuliki. Meli ilifika. Basi lilikuwa limekwama kwenye tope upande wa Rufiji pamoja na mabasi mengine, na hakuna aliyejua litatoka lini.

 Niliwahi kufundisha darasa la wanafunzi waliobanana mpaka madirishani, niliwahi kukaa miezi bila mshahara, lakini sikuwahi kuchoka kama nilivyochoka dakika ile. Nikarudi kwenye simu nikamwambia mama wa kamati ukweli wote, kwa sababu sikuweza kubuni uongo unaofanana nao. Nikasikia anamweleza mtu mwingine pale ofisini, na wote wawili wanacheka. Akasema sawa, wataingoja nusu nyingine.

Nilipokata simu nikarudi studio, nikamkuta mama mdogo amesimama mbele ya shemeji.

"Baba," alikuwa anamwambia, "wewe ulikuja nyumbani kwangu, nikakupikia. Ukaniambia lia, nikalia. Ukaniambia lia tena, taa ilikuwa mbaya, nikalia tena. Nilimlia mume wangu mara mbili kwa ajili yako. Sasa naomba hiyo picha waione watu wangu."

"Mama, tukiionyesha tumejiondoa kwenye tuzo. Na ikionekana Lupaso leo, kesho iko Lisekese, keshokutwa iko kila mahali."

"Iende. Ikifika huko watu wataniona nanywesha uji."

Shemeji alinitazama mimi, kana kwamba ningemsaidia. Kisha akavua ufunguo shingoni.

Tuliionyesha Jumapili iliyofuata, mchana baada ya ibada, katika darasa la shule ya kijiji. Madirisha tuliyaziba kwa mikeka na mablanketi, runinga ikawekwa juu ya meza ya mwalimu, jenereta ikanguruma nje. Joto lilikuwa la tanuri. Shemeji alikubali kwa masharti yake: alisimama mlangoni akawapekua watu. Sijui alitafuta nini. Alifungua vikapu vya akina mama, akakuta mbaazi na vitabu vya nyimbo, akavifunga. Mzee mmoja alimuuliza kama amepoteza kitu. Filamu ilipoanza akaenda kukaa pembeni ya deki, mkono juu yake, kama mtu anayemshika mtoto mwenye homa.

Mama mdogo alikaa benchi la nyuma. Nilimwomba asogee mbele akakataa.

Mwanzoni walicheka kila walipoona mti wanaoujua, mbuzi wanayemjua. Kisha ikaja ile sehemu. Mlango, kitanda, taa. Darasa zima likanyamaza, nikasikia jenereta peke yake. Mwalimu wa miwani amelala, shuka mpaka kidevuni. Mama mdogo anaingia na bakuli. Anakaa ukingoni mwa kitanda, anapuliza kijiko, anamnywesha. Uji unamwagika kidogo kidevuni kwa mgonjwa, anampangusa kwa ncha ya kanga. Anapuliza kingine. Ni hivyo tu, muda wote.

Mwanamke mmoja gizani akasema kwa sauti, "Kumbe ni uji!"

Watu wakaangua kicheko, halafu kicheko kikakatika katikati, kwa sababu mgonjwa alikuwa anakufa. Baadaye, walipokuja wapwa kudai mikorosho, hakuna aliyecheka tena. Wanaume wakaanza kujibizana na runinga. Mmoja akainuka akatoka, na kila mtu alijua kwa nini, maana mwaka uliotangulia yeye naye alichukua mikorosho ya mjomba wake. Mwisho ulipofika akina mama walikuwa wanalia, na shemeji, nilimwona kwa mwanga wa runinga, alikuwa ameondoa mkono wake kwenye deki. Alikuwa anaangalia watu.

Nilitarajia mtu amwombe mama mdogo radhi. Hakuna aliyemwomba. Walitoka nje wakasimama uwanjani wakibishana kuhusu mikorosho: nani aliyepanda, nani aliyepalilia, sheria inasemaje, desturi inasemaje, mpaka jua likashuka. Yule mama kiongozi alimpita mama mdogo akamwambia, "Umelia vizuri sana," kisha akaongeza kwamba mazoezi ya kwaya ni Alhamisi. Nilikasirika. Nilitaka nimfuate nimwambie maneno. Mama mdogo akanishika mkono.

"Mwache," akasema. "Amesema Alhamisi."

Simu ya tatu kutoka Dar ilinikuta Masasi, barabara ilipokauka. Nusu ya kwanza ilikuwa imefika, kanda ina tope mpaka ndani ya ganda, lakini inaonekana. Majaji wameziangalia zote mbili kwa mfululizo. Sauti ya yule mama ilikuwa imebadilika kabisa.

"Mwalimu, sijui nikuambieje. Wengine hapa wamelia. Nimebakiza swali moja tu la utaratibu. Filamu haijaonyeshwa hadharani, siyo?"

Ningeweza kusema haijaonyeshwa. Nani wa Dar angejua? Lakini nilikuwa nimechoka na siri kiasi kwamba hata hiyo moja sikuitaka.

"Imeonyeshwa Lupaso."

"Lupaso ni ukumbi wa wapi?"

"Ni kijiji. Tulionyesha darasani."

"Watu walilipa?"

"Hapana."

"Walikuwa wengi?"

"Kijiji kizima."

Akashusha pumzi. Akaniambia hilo ni kuonyesha hadharani, kwamba masharti hayakutungwa naye, kwamba yalitungwa kuzilinda kazi zetu dhidi ya wezi. Nikamshukuru. Sikuona sababu ya kumgombeza, alikuwa mtu mwema kuliko masharti yake. Tuzo wakapewa wengine.

Shemeji hakusema nami mpaka msimu wa korosho. Salamu zake zilipitia kwa kaka yake. Tulipopatana alikuwa ameshaamua kuiuza filamu mwenyewe, kanda kwa kanda, pale studio na minadani. Aliuza kiasi, na kisha yakatokea aliyoyasema siku zote. Ikarekodiwa. Ikawa Chiungutwa, ikawa Lisekese, ikapanda mpaka Newala, katika kibanda kile kile chenye mtu wa kofia ya kufuma. Safari hii shemeji hakwenda kugombana na mtu. Aliniambia tu, "Si nilisema?" na mimi nikamwambia ndiyo, ulisema. Alikuwa sahihi tangu mwanzo hadi mwisho, na sijawahi kuona usahihi uliomgharimu mtu kiasi kile.

Mara ya mwisho tuliyokwenda Lupaso pamoja ilikuwa kwenye harusi, yeye na kamera yake, mimi na zawadi yangu. Tulipita kwa mama mdogo. Juu ya kabati, kando ya kitabu cha nyimbo, palikuwa na kanda ya video yenye jina la filamu yetu, limeandikwa kwa kalamu na mtu asiyejua tahajia. Shemeji akaichukua, akaigeuza.

"Mama, hii umeitoa wapi?"

"Niliuziwa mnadani Chiungutwa."

"Hii ni ya wizi! Hawa ndio wanaotuua, mama. Wewe mwenyewe, mwigizaji mkuu, unanunua ya wizi?"

"Ya halali iko wapi?" mama mdogo akamuuliza. "Uliniletea?"

 Ilikuwa kweli. Miaka yote hiyo hakuna aliyemletea, wala yeye wala mimi. Nilitazama sakafu. Yeye akaisoma tena ile kanda, akasahihisha jina kwa kalamu yake, akairudisha mahali pake taratibu.

"Picha yenyewe inaonekana vizuri?" akauliza.

"Sijui," akasema mama mdogo. "Sina deki." Kisha akatuambia tukae, chakula kiko tayari, na harusi haitaanza bila mpiga picha.